Maji Yapewe Njia Kabla Shimo Halijafunguliwa

Hotuba kwa wanafunzi wa fani za madini, Dodoma

Mbukwenyi! Assalaam alaykum. Bwana Yesu asifiwe. Walimu wangu, shikamooni. Nanyi vijana, poleni na masomo.

Kabla sijasema lolote, naomba mzitazame hizi chupa mbili hapa mezani. Zote nimezijaza maji asubuhi hii, kila moja nikatia kiganja cha udongo nilioukwangua jana kwenye ukingo wa korongo, nyumbani Kondoa. Hii ya kulia nimeiongezea mbegu tatu za mlonge, nimezimenya na kuzitwanga. Sasa nazitikisa zote mbele yenu, mnaona zilivyo nyekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani. Naziweka. Asiziguse mtu, tutazirudia.

Nimeitwa niseme juu ya makaa ya mawe, na najua wapo waliojiuliza makaa ya mawe na Dodoma wapi na wapi. Ni kweli, hapa hatuna. Makaa yetu yako kusini: Ngaka kule Mbinga, Mchuchuma kule Ludewa, Kiwira upande wa Songwe, na mengine bonde la Rukwa. Yamelala ndani ya miamba ya kale iitwayo Karoo, nayo ni mabaki ya mimea ya vinamasi vilivyofukiwa zaidi ya miaka milioni 250 iliyopita. Lakini wizara iko hapa, Tume ya Madini iko hapa, ramani za jiolojia ya nchi hii zinatunzwa hapa. Na nyinyi mko hapa. Mwaka kesho baadhi yenu mtashuka kwenye basi Songea au Mbinga na begi moja, mkiripoti kazini, na mtakuta malori ya makaa yamejipanga kuelekea bandari ya Mtwara, kama yalivyoanza kujipanga kwa wingi tangu mwaka 2021. Mtakuta kila mtu ana haraka. Nataka mfike mkijua kitu kimoja ambacho mimi nilikijua kwa kuumia: kwenye mgodi wa wazi, kazi ya maji na kazi ya kurudisha ardhi ni kazi moja, na inaanza kabla ya ndoo ya kwanza ya eskaveta.

Twende kwenye hesabu, hesabu ndogo ya darasa la 6. Milimita 1 ya mvua ikinyesha juu ya hekta 1 ni lita 10,000, yaani mita za ujazo 10. Chukua shimo la hekta 20. Inyeshe mvua ya milimita 50 usiku mmoja, mvua ambayo kule Ruvuma mtu haamki kuishangaa, maana kwa mwaka wanapata zaidi ya milimita 1,000 wakati sisi Dodoma tunapata 570 hivi. Ndani ya shimo pameanguka mita za ujazo 10,000. Sasa tazama mlima ulio juu ya shimo. Tuseme hekta 60 zinatazama shimo lako, na umeshazifyeka kwa ajili ya barabara, kambi na mahali pa kumwaga kifusi, yaani udongo na mawe yanayotolewa ili kuyafikia makaa. Hapo nusu ya mvua itakimbia. Nusu hiyo sikuiokota hewani. Miaka ya 1930 pale Mpwapwa, si mbali na tulipokaa, watafiti walipima viwanja vidogo msimu baada ya msimu: kiwanja kitupu kilipoteza karibu nusu ya mvua yake, na kilichofunikwa nyasi kilipoteza asilimia 2 hivi. Kwa hiyo mlima wako mtupu unakuteremshia mita za ujazo 15,000 juu ya zile 10,000.

Una pampu nzuri ya lita 100 kwa sekunde. Kwa saa inatoa mita za ujazo 360. Kuyamaliza maji yale yote itakesha siku 3 kasoro, ikiwa haitaziba wala kuishiwa dizeli. Lakini ungekuwa umechimba mtaro wa kukinga juu ya ukuta wa shimo, ukayapokea maji ya mlimani yakiwa bado masafi, ukayazungusha pembeni na kuyarudisha mtoni, pampu yako ingekuwa na kazi ya saa 28 tu. Maji yanayozamisha mgodi mara nyingi hayakunyesha ndani ya mgodi. Yametoka juu, na sisi ndio tuliyaondolea vizuizi.

Najua hivyo kwa sababu niliwahi kuzamisha shimo.

Ulikuwa mwaka wangu wa tatu kazini, mgodi mmoja huko kusini, siutaji jina. Mtaro wa kukinga ulikuwa kwenye mpango, umechorwa, una vipimo. Oktoba ikafika, eskaveta iliyopangiwa mtaro ikahitajika kwenye makaa kwa sababu wanunuzi walikuwa wanasubiri. Niliulizwa kama mtaro unaweza kusubiri. Nikaandika kwa mkono wangu kwamba unaweza, utachimbwa baada ya masika. Februari, saa 8 usiku, nikaamshwa. Nilipofika ukingoni nilisikia maji kabla ya kuyaona, sauti kama ya watu wengi wanaokokota mifuko. Pampu ilikuwa imefungwa juu ya mapipa ili ielee, na mota ilikuwa inanguruma vizuri kabisa, lakini bomba la kutolea lilikuwa jepesi. Unalishika, halitetemeki. Kijana mmoja wa pampu akajifunga kamba kiunoni, akashuka hadi kwenye chujio la kuvutia maji, akarudi na kumbato la nyasi, vijiti na mizizi. Tukalisafisha, likavuta dakika 10, likaziba tena. Tulifanya hivyo mpaka adhuhuri ikaadhiniwa kwenye simu ya mtu mmoja, na wakati huo minyororo ya eskaveta ilikuwa haionekani.

Hakufa mtu, alhamdulillahi. Lakini makaa yalifunikwa na tope urefu wa magoti, na tulikaa siku 11 hatujatoa hata tani 1. Mzee mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa mlinzi wa geti, alinikuta nimekaa juu ya tairi. Akaniambia, "Mwanangu, mlima huu ulikuwa unakunywa mvua yake wenyewe. Mmeunyoa nywele. Mlitaka maji yaende wapi?"

Yule mzee hakusoma haidrolojia. Alikuwa anatazama.

Maji yaliyofika chini huendeshwa hivi: sakafu ya shimo iinamie upande mmoja, pale chini kabisa pachimbwe kidimbwi cha kukusanyia, na pampu ikae hapo. Msiruhusu kidimbwi kikae mguuni pa ukuta mrefu. Mguu ukilowa, ukuta unakaa juu ya uji. Na yako maji msiyoyaona, yaliyomo ndani ya nyufa za mwamba. Kila mita 10 za maji yaliyosimama ndani ya ufa zinasukuma kwa uzito wa tani 10 kwa kila mita ya mraba pale chini, na zinasukuma kuelekea kwenye utupu, yaani kwako wewe uliyesimama na ramani. Ndiyo maana asubuhi baada ya mvua anayetangulia shimoni ni mtu wa kukagua nyufa za ukingoni, halafu ndiyo dereva. Ufa uliokuwa wa kuingiza kidole jana, leo ukiingiza kiganja, hakuna meneja mwenye haki ya kukuambia ushuke.

Upande wa kifusi nitasimulia habari moja tu, na nitaisimulia taratibu. Tarehe 21 Oktoba 1966, kijiji cha Aberfan, Wales, nchi yenye karne nyingi za kuchimba makaa. Juu ya kijiji palikuwa na vilima vya kifusi cha mgodi. Kilima namba 7 kilikuwa kimemwagwa juu ya chemchemi. Chemchemi ile ilikuwepo kwenye ramani, na wanakijiji walikuwa wanaijua. Mvua ikanyesha siku kadhaa, kifusi kikalowa kutoka chini, kikateremka asubuhi watoto wakiwa wameingia darasani. Walikufa watu 144, na 116 kati yao walikuwa watoto. Kwa hiyo utakapopewa kazi ya kuchagua mahali pa kumwaga, tembea pale kiangazi na utembee tena masika. Uliza akina mama wanachota wapi. Mahali penye majani mabichi mwezi wa Septemba pana maji chini yake, na hapo hapamwagwi kitu.

Sasa asidi. Hili litawachosha wasiopenda kemia, lakini mnivumilie, ndilo linalobaki baada ya sisi sote kustaafu.

Ndani ya makaa na miamba inayoyazunguka mara nyingi kuna pairaiti, madini ya njano yanayometameta, chuma kilichoshikamana na salfa. Yakiwa chini yamefukiwa hayana shida na mtu. Sisi tunayatoa, tunayavunja, tunayaonyesha hewa na mvua. Salfa inageuka asidi ya salfuriki, chuma kinageuka kutu. Bakteria wanaokula chuma hicho wanaiharakisha kazi mara nyingi sana kuliko ambavyo hewa peke yake ingefanya. Asidi nayo inayeyusha aluminiamu na manganizi kutoka kwenye mawe mengine. Mtaona mfereji umekuwa na rangi ya chungwa, mawe yamevaa ganda kama la sufuria iliyounguliwa na uji, na maji juu yake ni maangavu mno. Maji ya namna hiyo yanamdanganya mtu. Ni maangavu, lakini karibu hakuna kinachoweza kuishi ndani yake.

Januari 2012, mji wa Carolina, Mpumalanga, Afrika Kusini, mvua kubwa ilisukuma maji ya asidi kutoka maeneo ya migodi ya makaa yakaingia kwenye bwawa la mji. Mabomba yakawa yanatoa maji yasiyofaa kunywa, na wakazi wakaletewa maji kwa malori kwa miezi. Hawa ni jirani zetu, na makaa yao ni ya Karoo kama yetu. Huku kwetu, maji ya Ngaka yanaelekea Mto Ruhuhu, na Ruhuhu unaingia Ziwa Nyasa, ziwa ambalo tunalichangia na Malawi na Msumbiji. Sisemi kwamba makaa yetu yana salfa nyingi au chache. Kila tabaka lina tabia yake, na ndiyo maana jiwe la kila tabaka linapimwa kabla ya kuchimbwa: lina uwezo gani wa kuzaa asidi, na lina chokaa kiasi gani cha kuizima. Lililo baya linatengwa tangu siku linapotoka, linafukiwa chini kabisa, linafunikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, hewa isilipate. Ukishalichanganya na mengine kwenye kilima kimoja, hutalitenganisha tena maishani.

Maji machafu yote, ya tope na ya asidi, hayaendi mtoni kabla ya kupita kwenye mabwawa ya kutuliza. Hapa ndipo chupa zangu. Tazameni ile ya kushoto. Mchanga umeshakaa chini, ulikaa nikiwa ndiyo kwanza naanza kusema juu ya makaa. Chembe ya mchanga mwembamba, sehemu ya kumi ya milimita, inashuka mita 1 kwa dakika 2. Chembe ya mfinyanzi yenye sehemu mbili za elfu za milimita inahitaji zaidi ya siku 3 kushuka mita hiyo hiyo, na maji yakitikisika kidogo inaanza upya. Bwawa moja dogo lililochimbwa kwa ajili ya mkaguzi halitoshi. Yanatakiwa mawili au matatu yanayofuatana, maji yaingie upande mmoja na kutokea upande wa mbali, na tope lizolewe kiangazi kabla bwawa halijajaa. Nimeona bwawa la kutuliza lililojaa tope hadi likaota mabingobingo, na kwenye taarifa bado linaitwa bwawa. Panapokuwa na mfinyanzi mwingi huwekwa dawa ya kugandisha, shabu kwa mfano. Bibi zetu walitumia mlonge kwa kazi hiyo hiyo.

Na bibi zetu ndio wanaonipeleka kwenye ardhi.

Nimezaliwa Kondoa. Wenye umri wa wazazi wenu wanaikumbuka HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma. Ilianza mwaka 1973, kwa sababu vilima vya Irangi vilikuwa vimekwisha kuliwa na makorongo. Walichimba makinga maji, wakapanda miti, haikutosha. Mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kutoka kwenye eneo lililoharibika, zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Babu yangu alipeleka ng'ombe wake kwa ndugu huko nje ya eneo, na mpaka anafariki hakuacha kuwataja kwa majina. Ilikuwa amri ngumu. Lakini nyasi zilirudi. Nilipokuwa mtoto nilitumwa kukata majani ya kuezekea mahali ambapo mama alipakumbuka pakiwa pekundu patupu.

Nyasi zilirudi, na makorongo hayakurudi kuwa ardhi. Yapo mpaka leo, mazuri ya kupiga picha, yameota miti ndani, lakini shamba lililokuwa pale halipo. Hilo ndilo somo ninalolibeba kusini kila mwaka. Mimea ina huruma, ukiipa nafasi inarudi. Umbo la ardhi likishavunjika na udongo wa juu ukishaondoka, hakuna msamaha wa haraka. Kwa hiyo kwenye mgodi tunalinda vitu hivyo viwili kwanza.

Udongo wa juu ni zile sentimita 20 au 30 zenye giza. Zinakwanguliwa peke yake, kabla ya kingine chochote, na zinawekwa kwenye matuta mafupi, mita 2 au 3 tu, yaliyopandwa majani. Ukizirundika mrefu kama nyumba, katikati panakosa hewa, wadudu na vijidudu vizuri vinakufa, na miaka 5 baadaye unarudisha vumbi. Afadhali kabisa usizirundike: zitoe hapa leo, zitandaze kule kwenye sehemu iliyokwisha kufukiwa leo leo. Hapo ndipo mtaelewa kwa nini nasema kufukia si kazi ya mwisho. Shimo la makaa linaweza kutembea. Mbele unafungua, nyuma unafunga, kama mtu anayelima tuta kwa tuta.

Halafu umbo. Jiwe likivunjwa linavimba. Ukitoa matabaka 5 ya kifusi na tabaka 1 la makaa, kifusi kikavimba kwa robo tu, ukikirudisha kinajaza nafasi ya matabaka 6 na kubaki kidogo. Watu wanadhani makaa yakiondoka patabaki shimo tu. Mahali pengine pasipo na kifusi cha kutosha, ndiyo, na patakuwa ziwa. Lakini mahali pengi patavimba kwanza, kisha patatitia kwa miaka, huku zaidi na kule kidogo, na kila panapotitia maji yanakaa. Kwa hiyo miteremko inalazwa. Kifusi kilichomwagwa tu na tipa kinasimama kwa nyuzi 37 hivi. Kwenye mwinuko huo mvua haiwezi kutembea, inakimbia. Kilaze mpaka kila mita 1 ya kwenda juu iwe na mita 3 za kwenda mbele. Kata makinga maji ya kufuata kontua, yaani mstari wa kimo kimoja kukata mteremko, yale yale ya fanya juu mnayoyaona mashambani Dodoma hii. Halafu pasua ardhi kwa meno ya katapila, maana malori ya tani 40 yamepita hapo mpaka pakawa kama sakafu, na mzizi hauna nyundo.

Kupanda ni sehemu ninayoipenda, nitajizuia. Ukoka kwa ajili ya kushika udongo. Marejea, ambayo wakulima wa Songea wanaijua vizuri kwa kurutubisha, na mbaazi. Miti ya miombo ya pale pale inakuja baadaye, mingi kutoka kwenye visiki vya kandokando kama havikung'olewa. Nyinyi wa Dodoma mnajua kisiki hai ni nini: kutunza machipukizi ya kisiki mpaka yawe mti. Usilete mkaratusi kwa sababu tu unaota haraka na mkaguzi anakuja mwezi ujao.

Sheria ziko upande wenu, zitumieni. Mgodi unadaiwa mpango wa kufunga na dhamana ya fedha ya kurudisha ardhi. Kutiririsha maji machafu kunahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za mto. Lakini dhamana haichimbi mtaro. Na kama dhamana imekadiriwa kwa hesabu ya kukwepa, fedha yote itakwisha kwenye kukodi katapila.

Kitu kimoja karibu nikisahau, na wanakijiji hawatanisamehe. Ukivuta maji shimoni mchana na usiku, unayashusha na maji ya chini ya ardhi kandokando. Chemchemi ya kijiji inaweza kunyauka huku mgodini mnamwaga maji kwa bomba la inchi 8. Pimeni visima vya jirani kabla ya kuanza, kila mwezi, mkiwa pamoja na watu wa kijiji, na daftari moja likae kwao. Mama akija getini kusema kisima kimeshuka, mfungulieni daftari. Msimwambie ni kiangazi.

Nirudi mezani. Ile ya kulia, yenye mlonge: juu pameng'aa, kama upana wa vidole viwili, naona kioo cha dirisha kupitia hapo, na mabonge yanashuka kama theluji nyekundu. Ya kushoto bado ni chai. Leo ni Ijumaa. Naziacha hapa kwa mwalimu wenu, asizitikise mtu, na Jumatatu kabla ya kipindi cha kwanza kila mmoja aje na rula, apime maji yalipong'aa yamefika wapi kwenye kila chupa, aandike.